Kuushinda Utumwa wa Sukari Si Kazi ya Mtu Mmoja

Somo kwa waalimu wa mitaa na washarika wote



Mwezi huu twataka kujifunza habari za kitu kidogo kilicho mezani mwetu kila siku, nacho ni sukari. Labda mtu atacheka na kusema, "Je, gazeti letu limekosa neno la kufundisha hata liandike habari za chai?" Namsihi asome kwanza mpaka mwisho. Maana wako watu katika mitaa yetu waliokatwa miguu, na wengine macho yao yameingia giza, na wengine tumekwisha kuwazika. Wengi wao walionywa mapema wapunguze sukari, nao walitaka kupunguza, lakini hawakuweza. Basi twataka kuuliza: Kwa nini hawakuweza? Na sisi tuliokaa nao tulikuwa wapi?

Somo hili lina sehemu tano. Mwalimu aweza kulisoma pamoja na watu wake kwa majuma mawili, na maswali ya kuzungumza yamewekwa mwisho.

1. Sukari katika nchi yetu

Sisi wa Rudewa hatuwezi kusema ya kuwa sukari ni kitu kigeni. Mkoa wetu wa Morogoro ni nchi ya miwa. Kiko kiwanda cha Kidatu. Kiko cha Mtibwa karibu na Turiani. Na katika wilaya yetu ya Kilosa kiko cha Mkulazi pale Mbigiri, kilichozinduliwa mwaka 2024. Vijana wetu huenda kukata miwa huko, na wakulima huuza miwa yao, na kwa fedha hizo watoto husomeshwa na nyumba huezekwa bati. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa twataka kuyalaani mashamba ya watu. Mua ni kiumbe chema cha Mungu, na kazi ya kuulima ni kazi ya halali.

Lakini yafaa tujue ya kuwa sukari ina historia ngumu. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa bara. Kadhalika visiwa vya Amerika vilivyowapelekea Wazungu sukari vililimwa na Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa kukomesha biashara ile ya watumwa. Ndipo watu wengi wa nchi ile, hasa akina mama wenye kutunza meza, walipopatana kutonunua tena sukari iliyolimwa na watumwa. Thomas Clarkson, mmoja wa wapinga utumwa, alikadiria ya kuwa wapata 300,000 waliiacha. Angalieni jambo hili: hawakuiacha kila mtu peke yake kwa siri. Nyumba iliiambia nyumba jirani, na mgeni aliyefika alikuta chai bila sukari, wala hakuona ya kuwa amedharauliwa, kwa sababu alijua maana yake. Tutalikumbuka neno hili hapo mbele.

Wazee wetu hawakunywa chai ya sukari kila asubuhi. Walikula uji, au viazi, au kiporo cha jana. Na utamu waliokuwa nao ni asali ya mzingani na mua wa kutafuna, navyo havikupatikana kila siku. Chai na sukari zilienea bara pamoja na reli, na maduka, na mishahara ya mashamba ya mkonge. Siku hizi mtu asiye na sukari nyumbani hujiona maskini. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua nyingi zilizuia uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na bei yake ikapanda sana. Wakati ule niliona watu wazima wakizunguka duka hata duka kutafuta robo kilo, na nyumba nyingine zikaacha kununua mboga ili zipate sukari. Ndipo wengi wetu tulipojua jinsi tulivyofungwa.

2. Jinsi sukari inavyomfunga mtu

Mwili wahitaji nguvu, na chakula kama ugali, wali na ndizi hugeuka kuwa sukari katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari hiyo njia ya kutoka katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Mwili usipotoa insulini ya kutosha, au insulini ikitoka lakini mwili ukawa mzito kuitii, sukari hujaa katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa huona kiu nyingi, hukojoa mara kwa mara, huchoka, na wengine hukonda. Siku zikipita nyingi bila matibabu, sukari huharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu. Miguu huingia ganzi, na kidonda kidogo hukataa kupona.

Tusiseme lililo la uongo. Kisukari hakitoki katika kijiko cha sukari peke yake. Kiko cha watoto na vijana ambacho hakina sababu hiyo kabisa. Na katika kile cha watu wazima ziko sababu nyingi, kama vile unene, kukaa bila kufanya kazi ya mwili, uzee, na urithi wa ukoo. Lakini anayekunywa vitu vitamu kila siku hunenepa upesi, na vinywaji vya sukari vimeonekana kuwa vyaongeza hatari ya ugonjwa huo.

Nao umeongezeka. Mwaka 1989 gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilitoa habari za uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, vingine vikiwa katika mkoa wetu huu. Wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila watu mia. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi mwingine katika nchi, kwa watu wa umri wa miaka 25 hata 64, wakaonekana wapata tisa katika mia. Chunguzi hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja wala kwa watu wa aina moja, lakini hata hivyo kila mtu aona jambo limekwenda upande gani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2015, ya kuwa mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 12 vidogo vya kusawazishwa. Na akiweza kubaki katika 25, yaani vijiko sita, ni vema zaidi. Katika hesabu hiyo asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa vimo pia. Chupa moja ya soda ya kola yenye mililita 350 ina gramu zipatazo 37, yaani vijiko tisa. Basi anayekunywa soda moja na kikombe kimoja cha chai yenye vijiko vitatu amekwisha kufika ukingoni, hata kabla ya andazi.

Je, ni haki kuuita huu utumwa? Waganga wenyewe hawajapatana. Wengine wasema sukari humfunga mtu kama pombe na tumbaku zimfungavyo. Wengine wakataa, wakisema ni mazoea makali tu. Lakini hapana anayebisha ya kuwa ulimi uonjapo utamu, ubongo hupata furaha na kutaka tena. Wahenga walisema, mwonja asali haonji mara moja. Na mtu aliyezoea sana, akiacha ghafula, huweza kuumwa kichwa, na kuwa na hasira, na kukosa raha, na kuiota chai usiku. Hali hiyo ni ya siku chache, au majuma machache. Wengi hurudi nyuma wakati huo huo, wakidhani itakuwa hivyo siku zote.

3. Habari za kaka yangu

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango na vitanda vya nyumba nyingi katika vijiji vya kwetu, naye alikuwa mtu wa kupendwa. Kila nyumba aliyoingia alipewa chai, na kwa sababu alikuwa fundi na mtu mzima, alitiliwa sukari nyingi. Mwaka 2014 aliambiwa hospitalini ya kuwa ana kisukari. Akapewa dawa, akaambiwa aache soda na chai tamu. Alimwambia mkewe tu. Mimi ndugu yake sikuambiwa.

Nyumbani kwake alijizuia. Lakini alipofika kazini mama mwenye nyumba alileta kikombe kwa mikono miwili, akisema, "Karibu chai, fundi," naye kaka alikunywa. Alikunywa hapo, akanywa na nyumba ya pili, akanywa na jioni kwangu mimi. Mke wangu akamwongezea kijiko, kwa kuwa twajua shemeji apenda utamu.

Mwaka 2017 alikanyaga msumari, naye hakuusikia. Viatu vyake vilijaa damu, akaja kuambiwa na mtoto. Kidonda kile hakikupona, akakatwa mguu chini ya goti, na mwaka uliofuata tukamzika. Sisemi ya kuwa chai ndiyo iliyomwua, maana ugonjwa ule una mambo mengi, na dawa pia hakuimeza sawasawa. Lakini siku moja alipokuwa amelala aliniambia, "Mdogo wangu, mimi niliogopa kusema sitaki, kwa sababu wote walionipa walinipenda."

Neno hilo halikunitoka moyoni. Nalikuwa mmoja wao walionipenda kaka yangu na kumpa.

4. Kwa nini mtu peke yake hushindwa

Mwaka 2019 mimi mwenyewe nilipimwa, nikaambiwa sukari yangu yaanza kupanda, ingawa bado haijawa ugonjwa. Nikarudi nyumbani nikaapa kuiacha. Nilijaribu mara tatu, na mara tatu nilishindwa. Mara ya kwanza nilivumilia siku nne, mara ya pili siku tisa, mara ya tatu mwezi mzima. Kisha nikarudi palepale, tena kwa siri, kama mtu anywaye pombe nyuma ya nyumba. Nilijilaumu sana, nikidhani mimi ni mtu dhaifu kuliko wengine.

Lakini hebu tufanye hesabu ya kazi ya mwalimu wa mtaa. Siku moja aweza kuzuru nyumba tano. Kila nyumba yampa kikombe kimoja, na kila kikombe kina vijiko vinne. Hivyo ni vijiko ishirini, yaani gramu 80, wala hajafika nyumbani kwake kula. Akatae wapi? Ukienda kwa mjomba wako, naye mjomba kwetu ni mkubwa kuliko wote, akampa mtoto shilingi zake za mwisho akapimiwe sukari dukani kwa ajili yako, utawezaje kusema huitaki? Chai bila sukari kwetu ina maana yake: ama nyumba ina dhiki, ama mgeni hakutakiwa. Kwa sababu hiyo sukari yetu si chakula tu. Ni salamu, ni heshima, ni upendo. Katika arusi soda ndiyo ishara ya furaha, na katika msiba chai ya usiku ndiyo faraja ya waliokesha.

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Kamba iliyonifunga haikuwa katika ulimi wangu tu. Ncha ya pili ilishikwa na jirani zangu, nao hawakujua ya kuwa wameishika. Nilipovuta peke yangu nilichoka bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili walilitambua na watu wengine kabla yetu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, watu wawili walioharibiwa na pombe, mmoja mfanya biashara na wa pili mganga, walikutana na kuona ya kuwa kila mmoja alipomsaidia mwenzake yeye mwenyewe alipata nguvu ya kutokunywa. Hivyo kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kimo katika nchi nyingi. Mwaka 1960 katika mji wa Los Angeles kikaanzishwa kingine kwa mfano huo, Overeaters Anonymous, kwa ajili ya watu walioshindwa kujizuia katika chakula. Njia yao ni nyepesi kuieleza: watu hukusanyika, husema kweli juu ya hali yao, husikilizana bila kuhukumiana, na aliyetangulia humshika mkono anayefuata.

Na sisi tuliojifunza Katekismo Ndogo tangu utoto tusione ni jambo geni. Martin Luther alipoieleza Amri ya Tano mwaka 1529, hakuishia katika kukataza kuua; alifundisha pia ya kuwa tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Mwili wa jirani ni pamoja na damu yake na miguu yake. Mithali nayo, katika mlango wa 25, yatuonya tusile asali kupita kiasi. Basi onyo hili ni la zamani kuliko viwanda vyote vya sukari.

5. Jinsi tulivyofanya, na jinsi tulivyoanguka

Nilikwenda kwanza kwa mjomba wangu. Chai ilipoletwa nikamwambia, "Mjomba, naomba radhi. Sikatai chai yako, ila sukari yaniumiza. Kaka alikufa akiogopa kukuambia neno hili, nami sitaki kufa na hofu hiyo hiyo."

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mpwa wangu, nilimpa marehemu vikombe vingi mno." Akamwita binti yake, akamwambia chai ya mgeni itolewe kavu, na kopo la sukari liletwe kando, kila mtu ajitilie atakavyo. Tangu siku ile nyumba ya mjomba hufanya hivyo kwa kila mgeni, na watu hawakusema ya kuwa mzee amekuwa bahili.

Tukaanza watu saba: mimi na mke wangu, mjomba, mama mmoja mwenye kisukari, kijana mmoja mwendesha pikipiki aliyekuwa akinywa soda nne kwa siku, na wengine wawili. Hukutana kila Alhamisi jioni, saa moja tu. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa yafaa, nami nayaandika ili walio katika mitaa mingine wayajaribu:

Kwanza, kusema waziwazi. Mtu awaambie watu wa nyumbani mwake, na wale anaowazuru mara kwa mara. Siri ndiyo iliyomshinda kaka yangu.

Pili, kutenga sukari na chai. Isitiwe katika birika au chupa, bali iwekwe kando. Huu ni uhuru kwa wote: apendaye atatia, asiyetaka hatalazimishwa, wala hataulizwa sababu mbele za watu.

Tatu, kushuka ngazi kwa ngazi. Kwa mtu asiye mgonjwa, tuliona ni rahisi kupunguza nusu kijiko kila juma kuliko kuacha kwa siku moja. Ulimi hujifunza. Baada ya miezi michache, chai ya zamani huonekana tamu mno hata haimezeki.

Nne, kuweka kitu kingine mahali pake. Chai yenye tangawizi, mchaichai, iliki au mdalasini ina harufu njema, nayo humfurahisha mgeni. Karanga za kukaanga au kiazi cha kuchemsha hufaa kuliko andazi lililotiwa sukari. Mtu aliyekula vizuri asubuhi hashikwi sana na tamaa ya saa nne.

Tano, kubadili desturi za mkutano. Tulikubaliana ya kuwa katika vikao vyetu maji safi yatangulie, na soda isiwe ya lazima. Kwanza watu walinung'unika. Lakini fedha iliyobaki ilitufaa kumsaidia mama yule nauli ya kwenda kupimwa, nao walipoona hivyo wakanyamaza.

Sita, kutohukumu. Anayetia vijiko vinne si mwenye dhambi kuliko asiyetia. Mtu akijisifu kwa kuacha sukari na kumdharau mwenziwe, ameacha utumwa mmoja na kuingia katika mwingine.

Sasa niseme habari za kuanguka, maana somo lisilosema habari hizo litawakatisha watu tamaa. Mwezi wa pili nilikwenda kwenye arusi, nikanywa soda tatu na kula keki. Usiku nikaona aibu. Alhamisi iliyofuata nilikusudia kutokwenda, nikajisemea, "Mwalimu mwenyewe ameanguka, atawafundisha nini wenzake?" Mama yule mwenye kisukari akaja mlangoni kwangu na tochi yake, akasema, "Mwalimu, twakungoja." Nikamwambia yote. Akajibu, "Mtoto ajifunzaye kwenda akianguka, hatumwambii akae chini siku zote. Twamshika mkono. Inuka twende." Nikaenda, nikasema kweli mbele ya wote. Kumbe kijana wa pikipiki naye alikuwa ameanguka juma lile, naye alikuwa akiogopa kusema. Aliponisikia, akasema.

Watu wa Kilosa wajua jambo hili kwa mfano mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, na maelfu ya watu wakapoteza nyumba. Maji yalipopungua watu hawakusema, "Kwa kuwa ukingo umebomoka, mto na uchukue kila kitu." Walishika majembe, wakapeana mahali pa kulala, wakaanza tena. Ustahimilivu ndio huo: kurudi penye ufa mapema na kuuziba, pamoja na wenzako. Anayedhani ustahimilivu ni kutoanguka kamwe atakata tamaa siku ya kwanza.

Je, matunda yake ni nini? Katika watu saba mmoja alituacha, na twamwombea na kumsalimu kama zamani. Kijana wa pikipiki anywa soda siku ya sikukuu tu. Mama yule bado ni mgonjwa, na atakuwa mgonjwa, lakini miguu yake haina kidonda, naye huenda kliniki bila kujificha. Mimi nimepimwa tena, na sukari yangu imeshuka. Na nyumba zinazoweka kopo kando zimekuwa nyingi hata siwezi kuzihesabu.

Onyo kwa wagonjwa

Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadili chakula chake ghafula bila kumwuliza mganga. Dawa ikiendelea kufanya kazi na chakula kimepungua, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa aliye macho apewe mara moja sukari au kinywaji kitamu. Na aliyezimia asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali upesi. Kwa hiyo nyumba ya mgonjwa isikose sukari kabisa. Kwake siku hiyo sukari ni dawa. Tena mtu asiache vidonge kwa kuwa ameacha soda. Na kila mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni, hata chini ya wayo, maana mguu wenye ganzi haupigi kelele.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba yetu, sukari hutiwa na nani katika chai ya mgeni, naye huulizwa kabla?

2. Je, yuko mtu katika mtaa wetu aliyeambiwa apunguze sukari, naye aona haya kusema? Tufanye nini ili asiwe na haja ya kuona haya?

3. Hesabu vijiko ulivyokunywa jana, pamoja na vya soda. Ni vingapi?

4. Tukiacha soda katika kikao kimoja kila mwezi, fedha hiyo yaweza kumsaidia nani?

5. Mwenzetu akianguka, sisi huenda mlangoni kwake, au humngoja arudi mwenyewe?

Ndugu wapendwa, nimewaandikia haya kwa ajili ya kaka yangu. Jumapili hii, mgeni akifika kwenu, mpeni chai kwa mikono miwili kama desturi yetu ilivyo. Ila wekeni kopo kando.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.